Makohozi ya Mgonjwa Aliye Kwenye Mashine ya Kupumua: Maabara Hutafuta Nini?

Leo tunaingia mahali ambapo wengi wetu tumepaona kupitia kioo cha mlango tu: wodi ya wagonjwa mahututi, ile tunayoiita ICU. Sisi wa Kibera hatuko mbali nayo. Kutoka Laini Saba hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni mwendo wa miguu, na Mbagathi ni jirani yetu. Wenzetu wa Kawangware nao, mgonjwa akizidiwa Riruta au Gatina, njia ni hiyo hiyo ya kuelekea Kenyatta.

Chukua mfano wa kijana aliyegongwa akiwa kwenye boda boda. Ameumia kichwa, hana shida yoyote ya kifua. Amewekwa kwenye mashine ya kupumua. Siku ya nne familia inaambiwa, "Amepata nimonia." Siku ya tano dawa zinaongezwa. Siku ya saba majibu ya makohozi yanarudi na dawa zinabadilishwa tena. Mama yake amesimama kwenye korido na anauliza: Mtoto wangu aliletwa na kichwa, hii nimonia imetoka wapi? Na kama mna maabara, mbona mnabahatisha dawa?

Mama huyo ana haki ya kuuliza. Kipindi cha leo ni cha kumjibu.

Mtu mzima mwenye afya ana walinzi wengi wa mapafu. Anakohoa. Anameza mate yake. Kuna kifuniko kidogo kooni kinachofunga njia ya hewa tunapomeza chakula. Mgonjwa aliye kwenye mashine amewekewa mrija unaopita mdomoni, ukapita kooni hadi kwenye bomba la hewa la kifua. Mrija huo ndio unaomwokoa, kwa maana ndio unaopitisha hewa. Lakini mrija huo huo umeacha mlango wazi. Hawezi kukohoa vizuri, mate yanakusanyika juu ya mrija, na kidogo kidogo yanapenya kando yake na kushuka mapafuni yakiwa yamebeba viini. Nimonia inayoanza baada ya saa 48 tangu mrija uwekwe, ndiyo madaktari huiita nimonia ya mashine. Jina hilo linawachanganya watu. Si kwamba mashine ilikuwa chafu au imepuliza ugonjwa. Mara nyingi viini vimetoka mdomoni na tumboni mwa mgonjwa mwenyewe, na vingine vimebebwa na mikono ya watu, wakiwemo sisi wauguzi na nyinyi mnaokuja kumtazama.

Sasa, kuitambua nimonia hiyo ni kazi. Mtu aliye nyumbani atakuambia kifua kinauma, anahema haraka, anatoa makohozi ya rangi ya kutu. Mgonjwa wa ICU hasemi. Joto likipanda, huenda ni nimonia, huenda ni mkojo, huenda ni kidonda, huenda ni mshipa uliowekewa dripu. Picha ya eksirei ikionyesha weupe kwenye pafu, huenda ni usaha, lakini pia huenda ni maji, damu, au sehemu ya pafu iliyonywea. Ndiyo maana daktari hutaka makohozi yaende maabara.

Wengi wenu mnakijua kile kikopo cha makohozi cha kipimo cha TB. Unapewa, unaambiwa usukutue mdomo kwa maji, uvute pumzi ndefu, ukohoe kutoka ndani kabisa ya kifua. Mara ngapi mtu huleta mate matupu? Mtaalamu wa maabara akiona mate, anajua hapo hakuna jibu. Kwa mgonjwa wa mashine shida ni ile ile, ila hawezi kuambiwa akohoe. Muuguzi anaingiza mpira mwembamba safi ndani ya mrija na kuyanyonya makohozi hadi kwenye chupa ndogo isiyo na viini. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, lakini jibu lote linategemea dakika hizo.

Mrija uliokaa siku 4 umeshaota utando wa viini ndani yake. Mdomo nao umejaa viini hata kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa hiyo, ukipeleka makohozi yoyote yale maabara, utapata kiini fulani, karibu kila mara. Swali gumu ni hili: kiini hiki ndicho kinachomla mgonjwa mapafu, au ni mpangaji tu anayekaa kwenye mrija bila kudhuru?

Hapa Kenya tumelisoma somo hili kwa njia nyingine. Kilifi, pale kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, ilikuwa moja ya sehemu za utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 7 za Afrika na Asia kuhusu nimonia kali ya watoto. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2019. Watafiti hawakuwapima wagonjwa peke yao. Waliwapima pia watoto wa jamii hizo hizo wasio na nimonia. Wakakuta viini vingi vya aina zile zile kwenye pua na koo za watoto waliokuwa wakicheza bila ugonjwa wowote. Ilibidi wafanye hesabu ngumu kujua ni kipi hasa kinaleta nimonia, na ikaonekana kwamba virusi ndivyo vilivyosababisha nyingi, kama asilimia 61. Hao walikuwa watoto, tena si wa mashine, lakini fundisho linatufaa hapa: kukuta kiini kooni si ushahidi kwamba kiko pafuni kinafanya uharibifu.

Basi maabara hufanyaje?

Hatua ya kwanza ni darubini. Tone la makohozi linapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Njia hii ya rangi ilibuniwa na daktari wa Denmark aitwaye Hans Christian Gram, mwaka 1884 mjini Berlin, na alichokuwa akichunguza siku hizo kilikuwa ni vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Zaidi ya miaka 140 imepita na bado tunaitumia kila siku. Viini vingine hubaki na rangi ya zambarau, vingine hugeuka vya waridi, na hilo peke yake humsaidia daktari kuchagua dawa ya kuanzia. Jibu hili linaweza kutoka siku hiyo hiyo, pengine ndani ya saa moja au mbili.

Lakini kabla ya kutazama viini, mtaalamu mzuri hutazama kitu kingine. Anatafuta seli bapa, zile ngozi laini zinazobanduka kwenye kuta za mdomo. Akiziona nyingi, zaidi ya 10 katika eneo moja la kutazamia kwa nguvu ndogo ya darubini, anajua sampuli hii imechanganyika na mate. Vile vile hutafuta seli nyeupe za damu, wale askari wa mwili, maana palipo na vita mapafuni lazima askari waonekane. Sampuli isiyofaa inatakiwa irudishwe wodini ichukuliwe upya. Nasema wazi kwamba maabara inayokataa sampuli mbaya ni ya kusifiwa. Wodini wapo wanaolichukulia kama dharau, na wapo ndugu wa mgonjwa wanaolalamika kwamba mtoto wao ananyonywa makohozi mara mbili. Heri mara mbili kuliko siku 7 za dawa isiyo yake.

Hatua ya pili ni kuotesha. Makohozi yanapakwa kwenye visahani vyenye chakula cha viini. Kimoja kina damu, kingine kina damu iliyochemshwa hadi ikawa ya rangi ya chokoleti, nacho huitwa hivyo hivyo, kisahani cha chokoleti, ingawa hakina hata chembe ya chokoleti. Vinawekwa kwenye kabati lenye joto kama la mwili wa binadamu, na mtu anasubiri. Viini havina haraka kwa sababu sisi tuna haraka. Baada ya saa 18 hadi 24 vinaanza kuonekana kama vidonge vidogo juu ya chakula. Kisha siku nyingine inahitajika kuvitambua kwa jina na kuvijaribu kwa dawa mbalimbali kuona ipi inaviua. Ndiyo maana mama wa yule kijana alisubiri siku 2 hadi 3. Hakuna aliyelala usingizi maabara.

Katika kuotesha pia kuna kuhesabu. Sampuli iliyonyonywa kupitia mrija ikiotesha viini 100,000 au zaidi kwa kila mililita, kiini hicho kinashukiwa sana. Vikiwa vichache, huenda ni wale wapangaji wa mrija. Sampuli iliyochukuliwa ndani zaidi, kwa kuosha sehemu ya pafu na maji safi ya chumvi kisha kuyanyonya tena, kipimo chake ni 10,000. Hizi ni namba za kumwongoza daktari. Bado lazima amtazame mgonjwa, joto lake, hewa anayohitaji na picha yake ya kifua. Karatasi ya maabara haitibu mtu.

Hapo mtu ataniuliza: Sista, basi si tununue hizo mashine za kamera zinazoingia hadi ndani ya pafu, ili wagonjwa wetu wapimwe kama wa Ulaya? Kamera hizo zipo, zina kazi yake, na kwa baadhi ya wagonjwa zinahitajika. Lakini mwaka 2006 ulitolewa utafiti wa Kanada na Marekani uliowalinganisha wagonjwa 740 wa mashine, wengine wakipimwa kwa kuoshwa pafu kupitia kamera na wengine kwa makohozi ya kunyonywa tu. Vifo havikutofautiana. Waliojulikana tayari kuwa na baadhi ya viini vilivyo sugu sana hawakuhusishwa, kwa hiyo utafiti huo haujibu kila kitu. Hata hivyo unatuambia kwamba mpira wa kawaida, ukitumiwa na mtu makini, unatosha kwa wengi. Kwa maoni yangu, hospitali yenye shilingi chache ianze na chupa safi za kutosha, mafunzo kwa wauguzi, na mtu wa kukimbiza sampuli.

Naam, kukimbiza. Sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa 2. Ikichelewa iwekwe kwenye friji, isiachwe dirishani. Makohozi yaliyokaa mezani tangu asubuhi hadi saa nane mchana si makohozi yale yale tena. Viini vigumu vimezaana, viini dhaifu vimekufa, na maabara itaandika jina la aliyebaki hai wala si la mkosaji. Kipimo kizuri kabisa hakiwezi kurekebisha hilo.

Sasa tufike mahali panapokuhusu wewe uliye nyumbani, na hapa nitakaa kidogo.

Kitu kinachoharibu kipimo cha makohozi kuliko vingine ni antibayotiki iliyotangulia. Dawa ikishaingia mwilini, viini vingine hufa au hulemaa. Havioti kwenye kisahani hata kama pafuni bado vipo vya kutosha kumwua mgonjwa. Karatasi inarudi imeandikwa hakuna kilichoota, na kumbe ugonjwa upo. Ndiyo maana utaratibu mzuri ni sampuli kwanza, kisha dawa papo hapo. Nimesema papo hapo. Mgonjwa mahututi hacheleweshewi dawa kwa ajili ya maabara, lakini kunyonya makohozi ni kazi ya dakika chache na inatangulia sindano.

Wodini daktari anajua dawa alizotoa yeye. Asichokijua ni zile ulizompa mgonjwa kabla hujaja. Nasi tunajuana. Kutoka Makina hadi Kianda, kutoka Congo hadi 46, kemisti haziko mbali. Mtu akikohoa siku 2 ananunua vidonge vinne vya amoksilini, kwa sababu ndiyo pesa iliyopo. Anapewa septrini iliyobaki ya jirani. Anachomwa sindano ambayo hakuambiwa jina. Akizidiwa anapelekwa hospitali, na ndugu akiulizwa, "Ametumia dawa gani?" anajibu, "Hakuna." Wengine huficha kwa kuogopa kugombezwa, wengine wanaona vidonge vinne si dawa ya kutajwa. Ni ya kutajwa. Hata kidonge kimoja. Hata kama ilikuwa wiki mbili zilizopita, kwa kuwa viini vilivyoonja dawa hiyo huenda vimeshaizoea.

Kwa hiyo, unapofunganya shuka na kitambulisho cha kupeleka hospitali, tia pia karatasi, pakiti na chupa zote za dawa ulizozikuta nyumbani, hata pakiti tupu. Kama ni vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti visivyo na jina, vilete hivyo hivyo. Kama ni sindano usiyoijua, taja kemisti na siku, ili mtu apige simu kuuliza. Muuguzi akikugombeza kwa hayo, mvumilie umalizie kusema. Habari hiyo ni ya mgonjwa wako kuliko ni ya muuguzi.

Mtu mwingine atasema: lakini nimonia ni nimonia, si dawa ni ile ile? Hapana. Nimonia ya mtaani mara nyingi huletwa na kiini kinachoitwa numokokasi. Hapa Kibera kwenyewe, KEMRI pamoja na wenzao wa CDC ya Marekani wamefuatilia magonjwa ya wakazi wa Gatwekera na Soweto tangu miaka ya 2000, wakitumia kliniki ya Tabitha, ile iliyoanzishwa na muuguzi mwenzetu Tabitha Festo kwa dola 26 alizozungusha kwenye biashara ya mboga. Walichukua damu za wagonjwa wa kifua na kukikuta kiini hicho. Dhidi yake tuna chanjo, ambayo watoto wa Kenya walianza kupewa mwaka 2011, na kule Kilifi magonjwa makali ya aina zinazokingwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka 5.

Viini vya ICU ni ukoo mwingine. Ni klebsiela, sudomonasi, asinetobakta na stafilokokasi. Hawa wameishi hospitalini, wamekutana na dawa nyingi na kuzoea nyingi. Amoksilini ya kemisti kwao ni kama maji. Daktari akibahatisha dawa ndogo, mgonjwa anaweza kufa. Akibahatisha dawa kali kuliko zote kwa kila mtu, baada ya muda nayo itazoewa na hatutakuwa na nyingine. Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017 kwa sababu hiyo. Katikati ya hatari hizo mbili, kitu kinachomwonyesha daktari njia ni ile chupa ndogo ya makohozi iliyochukuliwa vizuri.

Ukipewa nafasi ya kuzungumza na daktari au muuguzi wa zamu, uliza kwa upole: Makohozi yamechukuliwa? Yalichukuliwa kabla ya dawa kubadilishwa au baada yake? Jibu la darubini lilisemaje? Jibu la kuotesha litatoka lini? Haya si maswali ya kutafuta kosa. Kwenye karatasi ya majibu utaona majina ya dawa na herufi mbele yake: S ina maana dawa hiyo inakiweza kiini, R kiini kimekuwa sugu. Ukiambiwa dawa moja imeondolewa baada ya majibu, usishtuke ukadhani hospitali imeishiwa. Mara nyingi ni habari njema, kwamba sasa wamejua wanapigana na nani na hawahitaji silaha zote. Hata majibu ya "hakuna kilichoota" yana kazi. Kama sampuli ilikuwa nzuri, na ilichukuliwa kabla ya dawa kubadilishwa, daktari anaweza kusimamisha antibayotiki na kutafuta chanzo cha homa mahali pengine.

Vipo pia vipimo vipya vya kutafuta vinasaba vya viini, ndugu za kile kipimo tulichokizoea wakati wa Covid-19 mwaka 2020. Vinatoa jibu kwa saa chache. Ni ghali, na vinaweza kukuta hata kiini kilichokwisha kufa, kwa hiyo havijafuta kisahani cha chokoleti.

Swali ambalo huulizwa sana: mbona kitanda cha mgonjwa wa mashine kimeinuliwa upande wa kichwa, na shingo inaonekana kuchoka? Kimeinuliwa makusudi, nyuzi 30 hadi 45, ili vitu vya tumboni visipande na kushuka mapafuni. Tafadhali usikishushe kwa huruma. Muuguzi anayemsafisha mgonjwa mdomo na meno naye anafanya kazi hiyo hiyo ya kuzuia. Na wewe ukiingia, nawa mikono kabla ya kumshika na unawe tena ukitoka, hata kama umenawa nyumbani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mtoto anayehema haraka: vile unavyoweza kumhesabia pumzi ukiwa nyumbani kwa kutumia saa ya simu yako. Tayarisha kalamu na karatasi.